Wasomaji Wanauliza: Mbele ya Kamati ya Bunge

Barua tulizopokea safari hii zimekaribiana mno kimaudhui, kwa hiyo tumeziweka pamoja. Nyingi zimeandikwa na watu waliowahi kuona tangazo la Ofisi ya Bunge likiwaalika wadau kutoa maoni juu ya muswada fulani, wakajiuliza kama neno "wadau" linawahusu na wao. Tumechagua maswali saba, na hatukuyapa nafasi sawa kwa sababu hayana uzito sawa.

Chama chetu cha msingi cha ushirika (AMCOS) kina wanachama wasiofika mia tatu, wote wakulima wa tumbaku. Tunataka ushuru wa mazao upungue. Je, tunaweza kwenda wenyewe mbele ya kamati ya Bunge, au ni mpaka tualikwe? Na kama tunaweza, twende kamati ya kilimo? (Katibu wa AMCOS, Urambo)

Ndugu Katibu, mnaweza. Ibara ya 96 ya Katiba ya mwaka 1977 inaliruhusu Bunge kuunda kamati za namna mbalimbali, na Kanuni za Kudumu zinaipa kamati iliyopelekewa muswada nafasi ya kuwasikiliza watu walio nje ya Bunge. Zipo taasisi zinazopelekewa barua za mwaliko, na lipo tangazo la jumla linalomhusu kila mtu. Asiyeitwa kwa jina hazuiwi kumwandikia Katibu wa Bunge, akitaja muswada na kamati anayoikusudia, na maoni ya maandishi hupokewa hata kama mwandishi hakufika Dodoma.

Swali lenu la pili ndilo linalowapoteza wengi. Mkulima mwenye shida ya zao hudhani kamati yake ni ile inayosimamia kilimo. Ushuru wa mazao, hata hivyo, haukai katika sheria ya tumbaku wala ya pamba. Umo katika Sheria ya Fedha za Serikali za Mitaa, Sura ya 290, na sheria hiyo hurekebishwa kupitia Sheria ya Fedha ya kila mwaka. Ndivyo ilivyokuwa mwaka 2017, pale ushuru huo uliposhushwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula. Kwa hiyo mlango wenu ni Kamati ya Bajeti. Fuateni karatasi, msifuate zao: tazameni ni sheria ipi inayotaja jambo mnalolilalamikia, kisha ulizeni ni muswada gani unaokwenda kuigusa sheria hiyo na umepelekwa kamati ipi.

Mkishaujua mlango, lazima mjue na saa unapofunguliwa, maana haukai wazi kwa muda mrefu. Hotuba ya bajeti ya Serikali husomwa katikati ya Juni, Muswada wa Sheria ya Fedha hufuatana nayo, na ni lazima uwe umepitishwa kabla ya mwezi kwisha ili sheria ianze kutumika tarehe 1 Julai. Hapo katikati, Kamati ya Bajeti huwa na siku chache tu za kuwasikiliza wadau. Chama kinachosubiri kuuona muswada ndipo kiitishe mkutano mkuu, kiandike muhtasari, kitafute mchapaji na kupanga safari kutoka Urambo, kitafika Dodoma wabunge wakiwa wameshafungasha mizigo yao. Andiko lenu liwe tayari tangu Machi, mwezi ambao kamati za kisekta hukaa na wizara kupitia makadirio ya mafungu yao. Mpeni nakala mbunge wenu mapema, kisha Juni mbadilishe tu namba za ibara.

Tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021 inaonyesha gharama ya kuchelewa. Iliingia kupitia Sheria ya Fedha ya mwaka huo, ikaanza kukatwa tarehe 15 Julai, kati ya shilingi 10 na shilingi 10,000 kwa muamala kutegemea kiasi cha fedha. Nchi nzima ilipaza sauti baada ya watu kuona makato kwenye simu zao, na Septemba Serikali ikapunguza viwango kwa asilimia 30. Kelele zilisaidia, hilo halina ubishi. Lakini muswada ulikuwa mezani tangu Juni, na waliousoma wakati huo ni wachache.

Sasa namna ya kuandika. Niliwahi kukaa nyuma ya chumba cha kamati na kuushuhudia ujumbe mmoja ukisoma andiko refu lililoanza na historia ya zao lao tangu enzi za mkoloni. Walipofika kwenye ombi lenyewe, mwenyekiti alikuwa ameshatazama saa mara tatu, na muda wao ukaisha. Wajumbe wa kamati hawahitaji kuambiwa kwamba mkulima ana hali ngumu. Wengi wao wametoka majimbo ya wakulima. Wanachokihitaji ni maneno wanayoweza kuyahamisha. Tajeni ibara ya muswada (ndilo jina lake kabla haujawa sheria; ukishakuwa sheria huitwa kifungu), nukuuni inavyosomeka, andikeni chini yake jinsi mnavyotaka isomeke, halafu toeni sababu kwa mistari mitano au sita. Kurasa mbili zinatosha. Ninyi mna silaha ambayo taasisi nyingi kubwa hazina: daftari la mizani. Ambatisheni kilo mlizouza, bei mliyolipwa, makato yaliyotoka na kilichobaki mkononi mwa mkulima kwa misimu mitatu. Takwimu za chama kimoja kidogo, zikiwa za kweli na zimepangwa vizuri, huulizwa maswali mengi kuliko hotuba.

Jambo la mwisho kwenu: ombi la kupunguza lina wepesi ambao ombi la kuongeza halina. Ibara ya 99 ya Katiba inalizuia Bunge kushughulikia pendekezo la kutoza au kuongeza kodi, au la kuongeza matumizi, ikiwa pendekezo hilo halikutoka kwa Rais kupitia kwa waziri. Kupunguza kodi hakumo katika katazo hilo. Mnapoomba kupunguziwa, mbunge ana uwezo wa kulibeba ombi lenu. Mkiomba ruzuku mpya, atalibeba kwa mdomo tu.

Nilikuwa mhasibu wa halmashauri na sasa nimestaafu. Nimedokezwa kwamba naweza kuitwa na kamati ya Bunge kuhusu hesabu za miaka niliyokuwa kazini. Je, nitaapishwa? Naweza kukataa kujibu? (Mstaafu, Morogoro)

Shikamoo, mzee wetu. Kwanza tofautisha kualikwa na kuitwa. Mdau anayetoa maoni juu ya muswada amealikwa; akinyamaza, hakuna atakayemuuliza kitu. Mtu anayeitwa katika uchunguzi, au katika ukaguzi wa hesabu, ni shahidi, na shughuli hiyo inaongozwa na Sheria ya Kinga, Madaraka na Haki za Bunge, Sura ya 296. Chini ya sheria hiyo kamati inaweza kumtaka mtu afike na alete nyaraka, na inaweza kumhoji kwa kiapo. Kukaidi wito bila sababu, au kusema uongo kwa makusudi mbele ya kamati, ni kosa. Upande wa pili, shahidi ana kinga zinazofanana na zile za shahidi mahakamani, na hilo ni muhimu kwako: unapoona swali linakutaka ujitie hatiani, unayo haki ya kusema hivyo kwa heshima na kuomba mwongozo wa mwenyekiti.

Kwa kawaida, mbele ya Kamati ya Hesabu za Serikali za Mitaa, ambayo watu wanaiita LAAC, anayejibu ni afisa masuuli, yaani mkurugenzi wa halmashauri aliyepo kiti hicho leo, hata kama hoja inayoulizwa ni ya miaka mitatu kabla hajahamia wilaya hiyo. Ndiyo maana wakurugenzi wengi hujibu kwa maneno ya "nilikuta". Mstaafu huhitajika pale nyaraka zinapokosekana. Ushauri wangu ni mfupi: usiende na kumbukumbu za kichwani. Waandikie waajiri wako wa zamani uombe nakala ya hoja ya ukaguzi yenyewe na majibu yaliyokwisha kutolewa, usome hati za malipo zilizotajwa, na pale usipokumbuka useme hukumbuki. Anayebuni jibu ili aonekane anajua hujitafutia balaa ambalo halikuwa lake.

Umeuliza pia, katika sehemu ya barua ambayo hatukuichapa, kama kamati inaweza kumtaja mtu vibaya bila kumhoji. Swali hilo lina historia. Novemba 2007 Bunge liliunda Kamati Teule chini ya Dk. Harrison Mwakyembe kuchunguza mkataba wa umeme wa dharura kati ya TANESCO na kampuni ya Richmond, mkataba wa megawati 100 uliosainiwa mwaka 2006. Ripoti ilisomwa bungeni Februari 2008, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu tarehe 7 ya mwezi huo, pamoja na mawaziri Nazir Karamagi na Ibrahim Msabaha. Katika maelezo yake ya kujiuzulu Lowassa alilalamika kwamba kamati haikumwita kumhoji. Wapo waliosema alikuwa na nafasi ya kujieleza bungeni. Wapo walioona kwamba mtu anayeandikwa hivyo katika ripoti ilipasa aulizwe kwanza. Mimi niko na hawa wa pili, ingawa naamini kazi ya kamati ile ilikuwa miongoni mwa kazi bora kabisa ambazo Bunge letu limewahi kufanya. Kumsikiliza mtuhumiwa kusingeidhoofisha ripoti. Kungemwondolea lalamiko hilo.

Tulitoa maoni yetu, tukashukuriwa, tukapigwa picha, halafu sheria ikatoka bila neno letu hata moja. Kuna maana gani ya kwenda? (Mwalimu, Iringa)

Mwalimu, uchungu wako unaeleweka, na sitakuambia kwamba kila maoni yanafanyiwa kazi, kwa sababu hayafanyiwi. Kamati haitungi sheria. Muswada husomwa mara ya kwanza, hupelekwa kwenye kamati, wadau husikilizwa, kisha kamati hukaa na waziri na wataalamu wake. Hapo ndipo mambo yanapoamuliwa, na wewe haumo chumbani. Waziri akikubali hoja, Serikali yenyewe huleta jedwali la marekebisho, yaani orodha ya mabadiliko inayoyataka katika muswada. Akikataa, kamati huweza kueleza msimamo wake katika taarifa inayosomwa muswada unaposomwa mara ya pili, na mbunge mmoja mmoja naye anaweza kuleta jedwali lake kwenye Kamati ya Bunge Zima, yaani wabunge wote wakikaa kama kamati. Muswada ukishafika ukumbini huwa umebakiza nafasi ndogo sana ya kubadilika. Neno lako huishi au hufa katika vile vikao vya kamati na waziri, na hulindwa na maandishi uliyoyaacha mezani, kwa sababu sauti yako haipo tena.

Chukua miswada ya uchaguzi. Januari 2024 Kamati ya Utawala, Katiba na Sheria iliwasikiliza wadau mjini Dodoma, vikiwemo vyama vya siasa, asasi za kiraia na viongozi wa dini, kuhusu miswada mitatu. Mmojawapo uliitwa Muswada wa Sheria ya Tume ya Taifa ya Uchaguzi. Wengi walidai tume iwe huru, na sheria ilipotoka ilikuwa na jina la Sheria ya Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi, Namba 2 ya mwaka 2024. Neno moja limeongezeka. Wakosoaji walisema walichokitaka ni uhuru wenyewe, si jina, wakaonyesha kwamba Ibara ya 74 ya Katiba bado inasema wajumbe wa Tume wanateuliwa na Rais. Hoja yao ni ya kweli, lakini imegonga mlango usiofunguka kwa ufunguo huo: muswada wa kawaida hauwezi kubadili Katiba, ambayo kurekebishwa kwake kunahitaji, chini ya Ibara ya 98, theluthi mbili ya wabunge, na kwa mambo fulani theluthi mbili ya kila upande wa Muungano. Mdau aliyekwenda kuomba Ibara ya 74 ibadilishwe aliomba jambo ambalo kamati ile, kwa muswada ule, haikuwa na uwezo wa kulitoa. Aliyeomba jambo lililomo ndani ya muswada alikuwa na nafasi.

Muda nao una kauli. Muswada wa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022, ukaahirishwa zaidi ya mara moja huku swali la vyanzo vya fedha likirudi kila kikao, hatimaye ukapitishwa Novemba 2023. Miezi hiyo kumi na minne ilitoa nafasi kwa watoa huduma, waajiri na vyama vya wafanyakazi kurudi tena na tena na mapendekezo yaliyonolewa. Linganisha na miswada ya maliasili ya mwaka 2017, iliyoletwa kwa hati ya dharura na kupitishwa mwanzoni mwa Julai, au na mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, ambao Bunge liliuridhia tarehe 10 Juni 2023 huku watu wengi wakilalamikia ufupi wa muda waliopewa kutoa maoni. Unaweza kuunga mkono au kupinga kilichomo katika sheria hizo. Mimi nasema tu kwamba usikilizaji wa siku moja au mbili huwafaa wale ambao tayari wana mwanasheria na ofisi Dodoma. Mwalimu wa Iringa hana.

Kwa hiyo, badala ya kuuliza kama walikusikiliza, fanya hivi: itafute taarifa ya kamati katika Taarifa Rasmi za Bunge (Hansard), tazama kama hoja yako imetajwa, na tazama jedwali la marekebisho. Ikiwa imetajwa na kukataliwa, unajua ni nani aliyeikataa, na mwaka ujao unajua pa kuanzia. Ikiwa haikutajwa kabisa, mwandikie mwenyekiti. Barua hiyo huwa na adabu yake, na hujibiwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Huku kwetu Kenya tulijaza fomu na kwenda kutoa maoni kuhusu Mswada wa Fedha. Je, mahakama inaweza kuibatilisha sheria kwa sababu tu wabunge hawakutusikiliza? Na kwenu ni vivyo hivyo? (Mfanyabiashara, Kilifi)

Dada, kwenu msingi ni imara zaidi kuliko kwetu. Kifungu cha 118 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinalitaka Bunge lifanye kazi zake kwa uwazi na kuwezesha ushiriki wa wananchi, katika shughuli zake na za kamati zake, na kinakataza kuufungia nje umma au vyombo vya habari isipokuwa kwa sababu za kipekee. Kifungu cha 125 kinazipa kamati uwezo sawa na wa Mahakama Kuu katika kuita mashahidi na kudai nyaraka. Kwetu usikilizaji wa wadau umejengwa zaidi juu ya Kanuni za Kudumu, ambazo Bunge lenyewe huzibadilisha.

Kuhusu mahakama, historia ya karibuni ina pande mbili. Tarehe 31 Julai 2024 Mahakama ya Rufani iliitangaza Sheria ya Fedha ya mwaka 2023 kuwa kinyume cha Katiba, ikieleza pamoja na mambo mengine kwamba Bunge lilipaswa kutoa sababu za kukubali au kukataa maoni ya wananchi. Oktoba 29 mwaka huohuo Mahakama ya Juu ikaitengua hukumu hiyo na kuirudisha sheria. Maana yake ni kwamba ushiriki wa wananchi ni sharti la kweli, na sheria inaweza kuanguka kwa kukosa ushiriki huo, lakini huwezi kutegemea mahakama ilazimishe kamati ikujibu wewe binafsi hoja kwa hoja.

Mswada wa Fedha wa 2024, huo wenu ulioshangaza dunia, una somo jingine ambalo halizungumzwi vya kutosha. Kamati ya Fedha na Mipango ya Kitaifa ilisikiliza maoni, na tarehe 18 Juni ikatangazwa kwamba ushuru wa ongezeko la thamani (VAT) wa asilimia 16 kwa mkate na kodi ya asilimia 2.5 kwa magari vimeondolewa. Mabadiliko hayo yalikuwa makubwa. Lakini yalitangazwa wakati vijana wameshaingia barabarani, kwa hiyo hakuna aliyejua kama yalitokana na fomu mlizojaza au na hofu ya barabara. Tarehe 25 Juni mswada ukapitishwa, waandamanaji wakaingia majengo ya Bunge, watu wakapoteza maisha, na kesho yake Rais William Ruto akakataa kuutia saini. Kama kamati ingekuwa imechapisha mapema jedwali linaloonyesha maoni yapi yamepokewa, yapi yamekubaliwa na kwa nini mengine yamekataliwa, sidhani kama lingezuia yote yaliyotokea, ila watu wangekuwa na kitu cha kusoma zaidi ya tetesi.

Mimi ni mkulima wa karafuu. Niende Dodoma au Unguja? (Wete, Pemba)

Unguja, Bwana. Karafuu si jambo la Muungano. Sheria zinazoihusu, na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar (ZSTC) linaloinunua, ziko chini ya Serikali ya Mapinduzi, na chombo chako ni Baraza la Wawakilishi kule Chukwani, ambalo lina kamati zake na utaratibu wake. Dodoma inakuhusu pale muswada unapogusa jambo la Muungano, kama vile kodi ya mapato, ushuru wa forodha au uchaguzi wa Rais wa Muungano.

Kila Aprili tunasikia ripoti ya CAG, mabilioni hayaonekani, halafu kimya. Kamati za Bunge zinangoja nini? (Dereva wa bodaboda, Mwanza)

Zinangoja zamu yao, ndugu yangu, na zamu hiyo ni ndefu. Kwa mujibu wa Ibara ya 143, Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (ndiye CAG) humkabidhi Rais ripoti, naye Rais huagiza iwasilishwe bungeni ndani ya siku saba tangu kuanza kwa kikao kinachofuata. Hapo ndipo vichwa vya habari hutoka. Baada ya hapo ripoti huenda kwa Kamati ya Hesabu za Serikali (PAC) na LAAC, ambazo huwaita maafisa masuuli mmoja mmoja kujibu hoja, kisha huandika taarifa zao. Ripoti zilizowasilishwa Aprili 2023, kwa mfano, zilijadiliwa bungeni Novemba mwaka huo. Katika miezi hiyo saba hoja nyingi hufungwa kwa njia halali kabisa, kwa sababu hati iliyokosekana imepatikana. Nyingine hufungwa kwa sababu watu wamechoka.

Utaratibu wa kumsikiliza kwanza anayetuhumiwa ni wa haki, na sitaki uondolewe. Nimekwisha kusema hivyo kuhusu Richmond. Tatizo liko mwishoni. Katika sakata la Akaunti ya Tegeta Escrow, iliyotunza fedha za mgogoro wa malipo ya umeme, PAC iliyoongozwa na Zitto Kabwe ilifanyia kazi ripoti ya CAG na ya TAKUKURU, taasisi ya kupambana na rushwa, ikaleta taarifa yake bungeni Novemba 2014 kuhusu zaidi ya shilingi bilioni 300 zilizotoka katika akaunti hiyo, na Bunge likapitisha maazimio. Desemba Mwanasheria Mkuu Frederick Werema akajiuzulu na Waziri Anna Tibaijuka akaondolewa. Kamati haikumfukuza yeyote, haina uwezo huo. Ilisikiliza, ikaandika, Bunge likaazimia, mamlaka ya uteuzi ikaamua. Panapokosekana hatua hiyo ya mwisho, taarifa nzuri ya kamati hubaki maktaba. Kwa hiyo ukitaka kufuatilia, usihesabu mabilioni ya Aprili. Tafuta maazimio ya Novemba, halafu uulize mwaka unaofuata ni mangapi yametekelezwa. Mbunge wako anaweza kuuliza hilo kwa swali la msingi la dakika moja.

Miswada imeandikwa kwa lugha ngumu, na nauli ya kwenda Dodoma hatuna. Tufanyeje? (Kikundi cha akina mama, Kilwa)

Mama zetu, kuhusu lugha mambo yamesogea: tangu marekebisho ya mwaka 2021, lugha ya sheria za Tanzania ni Kiswahili, na hamlazimiki tena kutegemea mtu wa kuwatafsiria. Ugumu uliobaki ni wa msamiati wa kisheria. Anzeni kusoma muswada kutoka mwisho, kwenye madhumuni na sababu, ambako waziri anaeleza kwa lugha ya kawaida kila sehemu inafanya nini. Mkishajua ni sehemu ipi inayowagusa, someni hiyo peke yake.

Kuhusu nauli, kamati haiwalipii wanaokuja kutoa maoni, na safari si lazima. Andikeni kurasa zenu mbili, mtie saini wote, mzitume kwa Katibu wa Bunge kabla ya tarehe iliyotajwa katika tangazo, na nakala muipeleke ofisi ya mbunge wenu hapo jimboni. Hakikisheni mmepata muhuri wa kupokelewa kwenye nakala mtakayobaki nayo.